Kuku wa Betri na Punda wa Alio

Watu wa Garissa walionunua maji ya mkokoteni miaka ile walimjua Alio kwa sauti kabla hawajamwona. Hakupiga kelele za "Maji! Maji!" kama wenzake. Yeye aliongea na barabara. "Haya, jiwe hilo. Haya, shimo hilo." Mgeni angedhani anamsemesha punda wake, lakini punda hakuwa akisemeshwa. Aliguswa kwa fimbo ubavu wa kulia akaenda kushoto, akaguswa ubavu wa kushoto akaenda kulia, na mazungumzo yao yakaishia hapo.

Hakuwa mkatili, hilo lazima lisemwe mapema. Walikuwapo wachukuzi waliompiga punda mpaka akapiga magoti kwenye mpando wa kutoka mtoni, wakampiga tena ili asimame. Alio alipiga pale tu ilipobidi. Jioni alimfungua, akamnywesha, akamtupia majani. Lakini kumtazama, kumtazama kweli kama alivyokuwa akiwatazama ngamia wa baba yake zamani, hapana. Ngamia ni ngamia. Punda alikuwa gurudumu la tatu la mkokoteni.

Kwao ni upande wa Modogashe. Alikulia nyuma ya mifugo, na mpaka anaoa hakuwa amewahi kulala chini ya bati. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ndio uliomng'oa. Ng'ombe walikwenda kwanza, kisha ngamia mmoja mmoja, na alipobakiwa na ngamia wa mwisho akaona afadhali amuuze angali na nyama. Akashuka Garissa na mkewe Muslimo, binti yao Fowsiya akiwa mgongoni, wakanunua punda na mkokoteni. Mbuzi waliobaki aliwaacha kwa kaka yake Bare hukohuko nyikani. Hilo lilimtuliza. Mtu anaweza kukaa mjini miaka na miaka, akachota maji ya Tana akawauzia watu, na bado akajiita mfugaji, maadamu ana mbuzi mahali.

Halafu ikaja mvua ya El-Nino. Ilianza mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba na haikujua kuacha. Tana ikavimba ikaingia mashambani, barabara zikakatika, malori yakazama hadi milangoni. Nyuma ya maji ukaja ugonjwa. Mbuzi na kondoo walitupa mimba, wakatokwa damu puani, wakafa kwa makundi, na watu pia wakafa. Alio alikuwa Garissa, upande huu wa matope, na mbuzi wake upande ule. Alisikia habari zao kutoka kwa dereva wa lori, barabara ilipokauka. Dereva alishusha kwanza magunia, kisha akamshusha mbuzi jike mmoja mweupe mwenye kichwa cheusi, amekonda, ana mimba. Kamba ya shingoni ilikuwa ya Bare.

"Ndugu yako anakusalimu," dereva alisema. "Anasema huyu ndiye aliyebaki."

Alio alimpokea yule mbuzi, akamfunga kwenye shina la mti wa mathenge nyuma ya nyumba, kisha akarudi mtoni kuchota maji. Muslimo alingoja aseme neno. Hakulisema siku hiyo wala wiki ile.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Ruweyda, dada yake Alio, alipokuja kutoka Nairobi. Ruweyda aliuza nguo na vitu vya Dubai katika duka la Eastleigh, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Safari hii alileta shuka kwa Muslimo, tochi kwa Alio, na kwa Fowsiya, aliyekuwa na umri wa miaka tisa hivi, kitu kama yai la plastiki la rangi ya waridi. Kilikuwa na kioo kidogo mbele na vitufe chini yake. Ndani ya kioo, kwa vijidoa vyeusi, palikuwa na kifaranga kinachorukaruka.

"Watoto wote wa Eastleigh wanacho," Ruweyda alisema. "Analia akitaka kula. Ananya, unamsafisha. Anaugua, unamdunga sindano. Usipomwangalia anakufa."

"Anakufa vipi? Ni plastiki," Muslimo alisema.

"Anakufa, walaal, ndugu yangu. Nimewaona watoto wakilia kama msibani."

Fowsiya alimwita Shimbir, yaani ndege. Watu wa mtaa wakamwita kuku wa betri.

Kabla ya siku chache kupita, Alio aliitwa shuleni. Mwalimu wa darasa, kijana mpole mtu wa Mwingi, alikuwa ameliweka lile yai mezani juu ya madaftari kana kwamba lingeweza kuuma.

"Mzee, hiki kidude kimelia katikati ya hesabu," mwalimu alisema. "Darasa zima limesimama."

Kiswahili cha Alio kilikuwa cha sokoni. "Bole sana, mwalimu," alijibu. "Hii ni kuku. Iko na njaa."

"Kuku?"

"Kuku ya betri. Dada yangu naleta."

Mwalimu alijitahidi asicheke. "Basi kuku huyu abaki nyumbani. Akirudi hapa nitamchinja."

Njiani Fowsiya alilia bila sauti, jambo ambalo lilimwumiza Alio kuliko kama angepiga mayowe. "Akikaa mpaka jioni bila kula atakufa, Aabo," alimwambia baba yake. Nyumbani Muslimo alikataa katakata. Alikuwa na mbuzi, alikuwa na sufuria motoni, na hakuwa na nafasi ya kuku. Basi kesho yake asubuhi Alio alilivaa lile yai shingoni kwa uzi, akalificha ndani ya shati, akaenda nalo mtoni.

Kwa watu wake, jambo hilo lilikuwa kichekesho mara mbili. Wafugaji wa ngamia hawakufuga kuku wala hawakumla. Kwao alikuwa mdudu mkubwa mwenye manyoya. Yai lilipolia mara ya kwanza pale mtoni, pii pii pii, wachukuzi wote waligeuka.

"Alio! Kutoka ngamia mpaka kuku?" mmoja aliuliza.

"Na kuku mwenyewe hana hata supu," mwingine akaongeza.

Alio alicheka nao. Alibonyeza kitufe kama Fowsiya alivyomwonyesha, kifaranga kikala, mioyo midogo ikajaa kwenye kioo. Akakirudisha kifuani. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa kwa kuamka mnyama akilia, na mwili wake haukujua kuwa sauti hii ilitoka kwenye betri. Siku za mwanzo alisimama kwa sababu aliahidi. Baadaye alisimama kabla hajakumbuka ahadi. Akajua Shimbir hulala saa ngapi, akajua kuwa akinya mara mbili bila kusafishwa huugua, akajua kuwa kuna kilio cha njaa na kilio cha kudeka. Jioni alimpa Fowsiya taarifa kama mchungaji anavyompa mwenye mali.

"Amekula vizuri. Adhuhuri alinuna kidogo, nikacheza naye."

"Umezima taa yake alipolala?"

"Nimezima."

Jioni moja Alio alimwuliza, "Na akifa kweli, mnamzika wapi?"

"Hazikwi, Aabo. Unabonyeza hapa na hapa, linatoka yai jipya."

Alio alilishika lile yai kiganjani muda mrefu. Nyuma ya nyumba mbuzi mwenye kichwa cheusi alikuwa akicheua. Bado alikuwa amefungwa kwa kamba ya Bare.

"Hapa na hapa," alisema hatimaye, akamrudishia mtoto yai lake.

Mambo yakaenda hivyo mpaka katikati ya mwaka. Mbuzi alizaa mtoto jike, maziwa ya chai yakapatikana nyumbani, na Alio akaanza tena kuongea mezani. Muslimo aliona, hakuuliza sababu.

Siku moja ya jua kali, Alio alikuwa akipanda kutoka mtoni na mapipa yaliyojaa. Katikati ya mpando palikuwa na kibanda cha chai cha Osob, mwanamke wa makamo ambaye wachukuzi wote walimwita Eeddo, shangazi, na ambaye ulimi wake waliuogopa kidogo. Yai likalia kifuani. Alio akamsimamisha punda palepale penye mwinuko, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akageuka kivulini mwa mkokoteni ili aone kioo vizuri. Shimbir alikuwa mgonjwa. Sindano ya kwanza haikumponya, ikabidi ya pili. Kisha palikuwa na kinyesi cha kusafisha. Kisha akataka kula.

"Alio," Osob aliita kutoka kibandani, "huyo kuku amepona?"

"Amepona, eeddo."

"Ameshiba?"

"Ameshiba."

"Ameoga?"

"Ameoga, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," Osob alisema. "Na huyu mwingine?"

Alio hakuelewa mara moja. Akafuata macho ya yule mama. Punda alikuwa amesimama na mzigo wote ukimvuta kurudi nyuma, miguu imetanuka, kichwa kimeinama usawa wa magoti. Chini ya mkanda wa kifuani, ule alioukata Alio mwenyewe kutoka kwenye tairi kuukuu, nzi walikuwa wamejaa kama kokwa za tende. Akaenda akawafukuza. Akaingiza kidole chini ya mkanda, ukatoka na ngozi. Pale palikuwa pekundu, pana kama kiganja, na pembeni palikuwa na kovu la zamani lililofunguka upya. Haikuwa kazi ya siku moja. Punda alitetemesha ngozi ya bega kama anayefukuza nzi. Hakutoa sauti yoyote.

"Mimi namwona tangu mwezi uliopita," Osob alisema. Sasa hakuwa akidhihaki. "Nikadhani umemwona."

Alio alimfungua punda hapohapo. Maji akamwachia Osob na majirani zake, kila mtu akachota kwa chombo alichonacho. Kisha akaingia mwenyewe kati ya mikono ya mkokoteni mtupu, akauvuta mpaka nyumbani, punda akimfuata nyuma bila kamba kama mgeni anayeongozwa. Watoto wa njiani walishangilia. "Punda amepata dereva!" Kifuani mwake yai lililia tena, na kwa mara ya kwanza hakuitikia.

Muslimo alichemsha maji yenye chumvi, wakayaacha yapoe, wakalisafisha lile donda wote wawili. Muslimo alilipaka mafuta ya mkia wa kondoo aliyokuwa akiyatunza kwa ajili ya kikohozi.

"Lilianza lini?" aliuliza.

"Sijui."

"Leo kuku umemlisha mara ngapi?"

Alio alikuwa ameshika sikio la punda ili atulie, na aligundua kuwa lilikuwa na ncha iliyopasuka, mpasuko wa siku nyingi, uliokwisha kupona wenyewe bila yeye kujua. Alijiona kama mtu aliyelala nyumba moja na mgonjwa akamwuliza jirani habari zake.

"Huyu halii," alisema baadaye, wakiwa wamekaa nje. "Yule analia kwa kila kitu. Nimekuwa mtu wa kumwitikia anayelia."

"Ulikuwa hivyo kabla ya kuku," Muslimo alisema. Hakulisema kwa ubaya. "Huyu punda hukumtazama hata kabla kuku hajaja. Kuku amekuonyesha tu kwamba kusimama unaweza."

Neno hilo lilimkaa. Punda alipumzika mpaka donda likafunga ngozi, na muda huo Alio alifanya kibarua cha kupakia mbuzi kwenye malori pale soko la mifugo. Alirudi kila jioni ananuka mbuzi, na Muslimo alisema ananuka kama alivyonuka walipooana. Mkanda wa tairi aliutupa. Alishona mwingine kwa gunia lililojazwa matambara laini, akaujaribu kwanza kifuani mwake mwenyewe, akauvuta mkokoteni uani huku mke na mtoto wakimcheka. Wachukuzi wenzake nao walicheka. "Punda haendi ila kwa kigongo," mzee mmoja alimkumbusha, "na wewe unamshonea godoro." Lakini wawili kati yao walikuja baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, kuuliza gunia lile linakunjwaje.

Shule zilifungwa mwezi wa nane. Fowsiya akawa nyumbani, Shimbir akarudi mikononi mwa mwenyewe, na Muslimo, aliyekuwa ameanza kuwauzia wafugaji maziwa yao ya ngamia sokoni, akamkabidhi binti yake yule mbuzi na mtoto wake. Fowsiya alifurahi. Alikuwa mlezi mwenye uzoefu.

Alio alikuwa amerudi barabarani na punda wake. Alasiri moja alifika nyumbani mapema akamkuta Fowsiya amepiga magoti kando ya mbuzi. Mbuzi alikuwa amelala, miguu imenyooka, anagumia kila apumuapo. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umefura ukainuka juu ya uti wa mgongo. Alio aliugonga kwa kidole, ukalia kama ngoma.

"Amekula nini?"

"Unga, Aabo."

"Unga kiasi gani?"

Fowsiya alionyesha bakuli, kisha akaonyesha gunia, na gunia lilikuwa limepungua. Maneno yakaanza kumtoka yakikimbizana. "Alikuwa analia. Nilimpa kila alipolia. Nilimpa asubuhi, akalia, nikampa tena, akalia tena. Sikumwacha na njaa hata kidogo, Aabo, wallahi. Nimefanya vilevile kama kwa Shimbir. Sindano yake iko wapi? Mdunge sindano."

Alio alikuwa ameshamwinua mbuzi. "Lete mafuta ya kupikia," alisema. "Na kijiti, mnene kama kidole changu. Haraka."

Alimsimamisha mbuzi miguu ya mbele juu ya jiwe la kufulia ili kifua kiwe juu ya tumbo. Alimfunga kijiti kukingama mdomoni kama lijamu, ili atafune na mate yashuke. Akamnywesha mafuta kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, akiogopa yasiingie kwenye mapafu, huku akimkanda ubavu kwa ngumi, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Fowsiya alishika kichwa. Mtoto wa mbuzi alizunguka akilia, na kila alipolia Fowsiya aligeuka kumtazama, kisha akamtazama baba yake, asijue kama huyu naye aitikiwe.

Walimtembeza uani, wakamsimamisha tena, wakamkanda tena. Muslimo alirudi kutoka sokoni akaona hali, akaweka chini chombo cha maziwa akashika zamu. Jua lilikuwa limeanza kulegea mbuzi alipotoa mbweu moja ndefu yenye harufu kali ya uchachu, kisha nyingine. Alio akacheka kwa sauti peke yake. Ulikuwa ni muda mrefu tangu harufu mbaya imfurahishe hivyo. Ubavu ukashuka polepole, na mbuzi, alipotolewa kijiti, akajikokota mpaka kwenye kivuli akalala vizuri, miguu chini yake.

"Atapona?" Fowsiya aliuliza.

"Inshallah. Asile kitu leo. Akilia, mwache alie."

"Lakini akilia nitajuaje anataka nini? Hana picha za kioo kama Shimbir."

Alio alikaa chini mavumbini. Alitaka kumkemea, na kemeo lilikuwa tayari ulimini, lakini alikumbuka jiwe nyuma ya gurudumu na nzi kama kokwa za tende, akalimeza.

"Mbuzi analia kwa mambo mengi," alisema. "Anamwita mtoto wake. Anawaita wenzake, huyu alizoea kundi, sasa yuko peke yake, analia tu kuona kama kuna atakayejibu. Siku nyingine anakusalimu. Njaa ni moja kati ya hayo, si yote. Ukitaka kumjua, usimsikilize mdomo peke yake. Njoo."

Akauchukua mkono wa Fowsiya akauweka kwenye shimo lililo kati ya mbavu na nyonga, upande wa kushoto. "Hapa, pakibonyea sana ana njaa. Pakijaa, ameshiba. Pakiwa gumu, tuna matatizo kama ya leo. Sasa tazama taya. Mbuzi mzima akipumzika anacheua. Asipocheua, uliza kwa nini. Tazama masikio. Tazama mavi yake, hata kama unaona kinyaa. Na macho."

"Macho yanakuwaje?"

Alio alifikiri. Alikuwa ameyajua hayo maisha yake yote na hakuwa amewahi kuulizwa. "Yanakuwa yako mbali," alisema. "Kama mtu aliyeketi na wewe lakini hayupo."

Fowsiya aliyatazama macho ya mbuzi muda mrefu. "Yuko," alisema hatimaye. "Amechoka, lakini yuko."

"Yuko," Alio alikubali.

Mbuzi alipona, ila maziwa yake yalikatika msimu ule, na mtoto wake ikabidi alelewe kwa maziwa ya kununua, Fowsiya akimnywesha kwa chupa. Chai ya nyumbani ikarudi kuwa ya rangi. Fowsiya alijua sababu, na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Shimbir aliendelea kuishi, akafa, akaanguliwa tena mara kadhaa. Fowsiya hakumtupa, alimpenda, akampenda kwa namna nyingine, kama mtoto anavyopenda mchezo. Alipokufa hakulia tena. Hilo lilimtia Muslimo wasiwasi. "Anazoea kifo cha bure," alimwambia Alio. "Kesho ataona kila kifo ni cha bure." Alio hakuwa na hakika. Alimwona binti yake asubuhi, kabla hajanawa uso, akienda kwanza nyuma ya nyumba kumwekea mbuzi mkono ubavuni. Lakini pia alimwona akibonyeza hapa na hapa, yai jipya likatoka, naye akaenda kucheza. Yote mawili yalikuwa ya mtoto mmoja.

Shule zilipofunguliwa yai lilirudi shingoni mwa Alio, na betri yake ikaisha mwezi wa kumi. Fundi wa saa sokoni alikuwa na betri za kila aina isipokuwa ile. Kwa wiki nzima mkono wa Alio uliendelea kupapasa kifua kila alipofika kwenye mpando. Osob alimwona akamwuliza, akimmiminia chai, kama kuku yule alimwachia faida yoyote au ni upuuzi mtupu wa Dubai.

"Sijui, eeddo," Alio alijibu. "Karibu aniulie mbuzi. Na karibu aniulie punda. Lakini mwaka ule mifugo ilipokwisha, sikutaka kuangalia chochote kinachopumua. Kile hakikuwa kinapumua, nikakiangalia. Baada ya hapo, macho yakawa yamefunguka."

"Yalifunguliwa na mimi," Osob alisema.

"Yalifunguliwa na wewe," Alio alikubali, akanywa chai yake.

Mwishoni mwa mwaka ule, kabla ya Ramadhani, binamu yake Duale alituma salamu. Duale alikuwa mfugaji upande wa Bura, na ugonjwa ulimpitia kwa mbali. Desturi ya watu wao ni kwamba aliyebakiwa humkumbuka aliyepoteza, naye alikuwa amemtengea Alio kondoo jike kadhaa, wachanga, wenye mikia minene. Kambi yake ilikuwa imesogea karibu na mji kufuata majani. Alio angewachukua huko.

Fowsiya aliomba kwenda. Waliondoka alfajiri na mkokoteni mtupu, wakafika kambini jua likiwa linachomoza, wakanywa maziwa ya ngamia ya Duale mpaka matumbo yakakaza. Duale alimwuliza Fowsiya kama watoto wa mjini wanajua kuchunga. Fowsiya akasema mbuzi mmoja anamjua, wengine atajifunza. Duale alicheka, akamkabidhi fimbo.

Wakati wa kurudi Alio alitangulia na punda, kondoo wakafuata, Fowsiya nyuma yao. Barabara ilikuwa ya mchanga mwekundu, na kando yake miti ya migunga ilikuwa imechipua kwa mvua fupi. Alio aliongea na mashimo kama kawaida yake, na safari hii punda naye alipata neno moja moja. Aliwahesabu kondoo kwa kutupa jicho nyuma. Mara moja alipogeuka aliona mmoja hayupo, na Fowsiya hayupo.

Alisimama. Mbali kidogo, kondoo mwenye madoa alikuwa amebaki, akichechemea mguu wa mbele. Hakuwa akilia. Alikuwa amesimama tu, kichwa chini, kundi likimwacha. Fowsiya alikuwa amerudi kwake. Alio alimwona akimpapasa begani, akishuka kwa mkono mpaka kwenye kwato, akaiinua akaiweka gotini, akainama juu yake karibu sana, kama anayesoma. Kisha akavuta kitu kwa kucha, akakitazama, akakitupa majanini. Hakuita. Hakuangalia kama baba yake anaona.

Alio alitaka kupaza sauti aulize ni mwiba wa aina gani, umezama kiasi gani, damu imetoka au la. Badala yake akamwachia punda ale majani ya kando ya barabara, akakaa kwenye ubao wa mkokoteni. Jua bado lilikuwa chini, na mji haukuwa mbali. Wangengoja mpaka kondoo yule aweze kutembea.